Laana Bila Kilio: Uhakiki wa Lugha ya Matamko Baada ya Walinda Amani Kuuawa

Utangulizi

Katika somo la uhakiki tumezoea kupewa riwaya, tamthilia au diwani ya mashairi. Matamko yanayosomwa redioni baada ya askari kuuawa ugenini hatuyahesabu kuwa matini za kuhakikiwa. Tunayaona ni habari tu, yamesemwa yamekwisha. Hata hivyo, katika nchi kama yetu, huenda hakuna matini ya huzuni iliyosikiwa na watu wengi kuliko hizo. Diwani husomwa na wachache, lakini tamko husikiwa na kila mwenye redio, hata yule asiyejua kusoma.

Nimekulia Rumonge, mji wa ziwani ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya bandari na ya msikiti, na ambako si kazi kumpata mtu ambaye ndugu au jirani yake alikwenda Somalia na jeshi. Burundi ilipeleka askari wake wa kwanza Mogadishu Desemba 2007, katika misheni ya Umoja wa Afrika iliyoitwa AMISOM. Aprili 2022 misheni hiyo iligeuzwa ATMIS, na ilipoanza ile iliyofuata, AUSSOM, Januari 2025, Burundi haikuwamo tena. Kwa miaka 17, basi, watu wa mwambao huu walisikia tamko baada ya tamko. Sasa sura hiyo imefungwa, na ni wakati mzuri wa kuuliza: matamko hayo yalisemaje, na yalimsemesha nani?

Hoja yangu ni moja. Tamko la kulaani limechukua nafasi ya tanzia bila kufanya kazi ya tanzia. Linamlaani muuaji lakini halimtaji aliyeuawa, na kwa kutomtaji limemwachia muuaji kazi ya kuwahesabu marehemu. Nitaonyesha hivyo kwa kulinganisha tanzu hizo mbili, kwa kuchambua maneno manne, na kwa kuangalia jinsi idadi ya waliokufa ilivyosemwa. Kisha nitatazama mfano mmoja ambapo jibu lilikwenda mbele kidogo ya laana.

Tanzia na tamko

Kila aliyewahi kusikiliza redio za Kiswahili anaijua tanzia. Mtangazaji anataja jina la marehemu, anataja kwao, anasema alifia wapi na atazikwa wapi. Baadaye huja sehemu ambayo wazee wetu waliikalia kimya ili waisikie vizuri: habari ziwafikie fulani wa Kigoma, fulani wa Tabora, fulani na familia yake popote walipo. Sehemu hiyo ndiyo moyo wa tanzia. Inatangaza kifo, na papo hapo inamtafuta mfiwa mmoja mmoja kwa jina, hata kama yuko ng'ambo ya ziwa.

Tamko nalo lina muundo wake usiobadilika, nami ninaueleza hapa bila kunukuu tamko lolote. Kiongozi wa taasisi analaani vikali shambulio. Anatoa rambirambi kwa serikali na watu wa nchi husika, kisha kwa familia. Anawatakia majeruhi ahueni ya haraka. Anataka waliohusika wafikishwe mbele ya sheria. Anamaliza kwa kusema kwamba shambulio halitawavunja moyo na kwamba kazi itaendelea. Ukibadilisha jina la mahali na idadi ya waliokufa, tamko la mwaka huu litafaa mwaka ujao.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo si dosari, maana tanzia nayo ina fomula. Ni kweli. Hata pole zetu zina fomula: roho ya marehemu ilazwe mahali pema peponi, sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Hatuwezi kulilaumu tamko kwa sababu tu linajirudia, kwani maneno yanayojirudia humshika mfiwa mkono pale ambapo maneno mapya yangemkwama kooni. Tofauti iko mahali pengine. Fomula ya tanzia imeacha pengo la kujaza jina. Fomula ya tamko imeacha pengo la kujaza namba.

Mpangilio wa rambirambi unaonyesha jambo hilohilo. Kwetu rambirambi si neno tu. Ni pia kile unachokiweka mkononi mwa mfiwa unapoingia matangani, na huwezi kumpita mfiwa uende kumpa mwenyekiti wa mtaa. Katika tamko, serikali hutangulia na familia hufuata. Mfiwa wa kwanza ni dola. Shambulio la El Baraf lilipotokea Mei 2022, Mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, Moussa Faki Mahamat, alizungumza na Rais Évariste Ndayishimiye kumpa pole. Simlaumu, maana kiongozi humpa pole kiongozi mwenzake. Lakini msikilizaji wa Rumonge aliyekuwa akingoja kusikia jina la mwanawe alisikia majina mawili tu, yote ya wakubwa.

Maneno manne

Neno la kwanza ni *walinda amani*. Kisarufi ni neno rahisi: kitenzi kulinda na yambwa amani. Lakini ukilinda kitu, kitu hicho lazima kiwepo. Mlinzi wa duka analinda duka lililopo. Mogadishu ya 2007 haikuwa na amani ya kulindwa. Askari wetu walipelekwa katika mji wa vita, na kazi yao kwa sehemu kubwa ilikuwa kupigana. Neno hilo basi linadokeza hali ambayo haikuwapo, na linamfanya msikilizaji ashangae kila mara: imekuwaje mlinzi wa amani afe vitani?

Sisi wa mwambao tuna sababu ya pekee ya kulipima neno hili, kwa sababu tumekuwa pande zote mbili za kitenzi chake. Mwaka 2003 Umoja wa Afrika ulileta Burundi misheni yake, AMIB, yenye askari kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji. Mwaka uliofuata, kwa Azimio 1545 la Baraza la Usalama, ikaja ONUB ya Umoja wa Mataifa, iliyokaa hadi mwisho wa 2006. Chini ya ulinzi huo wakimbizi walianza kurudi kutoka kambi za Tanzania. Mwaka mmoja tu baada ya ONUB kufunga virago, Burundi iliyokuwa ikilindwa ikawa mlinzi. Kwa hiyo neno hilo lina maana kwetu, wala sitaki lifutwe. Ninachotaka ni lisitumike kuficha aina ya kazi iliyowapeleka watu hao kaburini.

Kuna pia mkanganyiko wa rangi. Lugha ya habari hupenda kusema kofia za bluu, kwa kufuata Kifaransa, kila inapotaja walinda amani. Kofia ya bluu ni ya Umoja wa Mataifa. Warundi waliouawa Dekoa, Jamhuri ya Afrika ya Kati, Desemba 2020, walikuwa katika MINUSCA ya Umoja wa Mataifa na walistahili kuitwa hivyo. Waliofia Somalia walikuwa chini ya Umoja wa Afrika. Tofauti hii si ya rangi tu. Umoja wa Mataifa una Medali ya Dag Hammarskjöld, ambayo hutolewa kuwaenzi waliofia katika misheni zake, na una tarehe 29 Mei ya kuwakumbuka. Aliyefia El Baraf hakuwa katika orodha hiyo.

Neno la pili ni *kupoteza maisha*. Kiswahili kina kufa, kufariki, kuaga dunia, na kwa aliyetolewa roho na mwenzake kina kuuawa. Kila kimoja kina mahali pake. *Kupoteza maisha* kimeingia kwa mlango wa tafsiri, na sasa kinatumika kwa ajali ya basi, kwa mafuriko na kwa vita bila kubagua. Tazama kinachofanyika: anayepoteza ndiye mtenda. Mtu hupoteza ufunguo, hupoteza njia. Askari aliyepoteza maisha anakuwa kama mtu aliyezembea, na muuaji anatoweka kwenye sentensi. Ajabu ni kwamba sentensi iliyotangulia ilikuwa inamlaani muuaji huyohuyo vikali. Tamko lina hasira katika aya ya kwanza na tasfida katika aya ya pili.

Neno la tatu ndilo lililonifanya niandike insha hii. Ni *kujitoa mhanga*. Mhanga ni kafara, ni mnyama wa kuchinjwa. Anayejitoa mhanga ameutoa mwili wake kwa ajili ya jambo analoliona kubwa kuliko yeye. Katika hotuba za kijeshi maneno haya hutumika kwa askari: walijitoa mhanga kwa ajili ya amani ya ndugu zetu Wasomali. Katika habari za Kiswahili, maneno hayohayo hutumika kwa mtu aliyejifunga mabomu: mshambuliaji wa kujitoa mhanga.

Sasa chukua siku mbili za 2009. Tarehe 22 Februari, shambulio la kujitoa mhanga liliua askari 11 wa Burundi katika kambi yao Mogadishu. Tarehe 17 Septemba, magari yaliyobeba alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya AMISOM na kulipuka. Miongoni mwa waliouawa alikuwa naibu kamanda wa misheni, Jenerali Meja Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi. Kwa lugha tuliyonayo, habari ya siku hizo inawaita waliojilipua watu waliojitoa mhanga, na hotuba ya mazishi inawaita waliolipuliwa vivyo hivyo. Muuaji na aliyeuawa wanalala katika kirai kimoja. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angeachiwa aandike hivyo bila mhakiki kumuuliza alikusudia nini.

Si kwamba lugha imekosa njia nyingine. Mtu anayejilipua ili aue wengine ni mlipuaji, ni mshambuliaji aliyejilipua. Vyombo vingine vya habari hutumia neno hilo, na linatosha. Kulitumia siku zote kungekuwa pia uamuzi wa kimaadili, maana *mhanga* ni neno lenye heshima. Kumpa mlipuaji heshima hiyo katika sentensi ya kumlaani ni kumpa kwa mkono mmoja ulichomnyang'anya kwa mwingine.

Habari hiyo ya Septemba 2009 inatufundisha jambo jingine. Jina la Jenerali Niyoyunguruza lilitajwa na vyombo vya habari vya dunia. Alistahili. Lakini askari wa kawaida waliokufa pamoja naye waliingia habarini wakiwa namba. Hivyo si kweli kwamba tamko haliwezi kubeba jina. Linaweza, ikiwa jina lina cheo.

Neno la nne ni *kulaani*. Kwetu laana si maoni. Ni tendo, na lina mwenyewe: mzazi, mzee, aliyedhulumiwa, na juu yao Mungu. Asiye na haki ya kulaani hulaani bure. Laana ikitoka kwa mwenye haki, watu hunyamaza na kuogopa, kwa sababu wanaamini kuna kitu kitatokea. Katika matamko kitenzi hiki kimewekwa kutafsiri neno la kigeni lenye maana ya kushutumu hadharani, kikavuliwa uzito wake. Ndiyo maana hakisimami tena peke yake. Lazima kiegemezwe na *vikali*. Kama kila laana ni kali, hakuna iliyo kali. Na laana ikisomwa mwaka baada ya mwaka bila kitu kumpata aliyelaaniwa, msikilizaji hujifunza kwamba anayelaani hana haki hiyo, au hana nguvu. Kiswahili kina kushutumu, kina kukemea, kina kulaumu. Vingetosha, na laana ingebaki kwa wenye nayo, yaani kwa mama wa marehemu.

Pengo la namba

Ninarudi sasa kwenye pengo la namba. Ingekuwa afadhali kidogo kama pengo hilo lingejazwa kwa uhakika. Mara nyingi halikujazwa hivyo.

Tarehe 20 Oktoba 2011 askari wa Burundi walipata kipigo kikubwa Dayniile, pembeni ya Mogadishu. Umoja wa Afrika ulizungumzia vifo 10. Al-Shabaab walizipanga maiti hadharani na kuwaita watu wazitazame, na hesabu iliyoenea ikawa ya makumi. Tarehe 26 Juni 2015 kambi ya Warundi huko Leego ilivamiwa na kutekwa, na mashirika ya habari yakataja makumi ya waliouawa. Siku hiyohiyo dunia ilikuwa na habari za mashambulio ya Sousse na Kuwait, nasi nyumbani tulikuwa katika misukosuko ya kisiasa, siku tatu kabla ya uchaguzi wa wabunge. Wafu wa Leego waliangukia katikati ya kelele za watu wengine.

Tarehe 3 Mei 2022, mwezi mmoja baada ya AMISOM kuwa ATMIS, ikaja El Baraf, katika jimbo la Shabelle ya Kati. Jeshi la Burundi lilitangaza waliouawa 10, waliojeruhiwa 25 na wasiojulikana walipo watano. Al-Shabaab wakasema wameua 173. Kati ya 10 na 173 kuna nafasi ya kuweka kijiji kizima.

Jambo hili si la Burundi peke yake. Kambi ya Wakenya huko El Adde ilipovamiwa tarehe 15 Januari 2016, serikali ya Kenya haikutoa idadi kamili ya askari wake waliouawa. Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, alipotaja idadi ya karibu 200, Kenya ilikanusha. Kwa misheni nzima, Mei 2013 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Jan Eliasson, alisema huenda askari wa AMISOM waliouawa wamefika 3,000. Kauli hiyo nayo ikapingwa. Ikiwa mkubwa wa Umoja wa Mataifa na wenye misheni hawakubaliani kuhusu maelfu, mama wa Kigwena au Minago atamwamini nani kuhusu mmoja?

Wahenga walisema: mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii kwa kawaida huelekezwa kwa mgonjwa. Hapa inalenga dola. Kilio kilisikika mtaani, matanga yakawekwa, na watu wakahesabu matanga. Aliyetoa namba ndogo hakuificha huzuni. Aliondoa tu sauti yake katika mazungumzo, na nafasi hiyo ikachukuliwa na adui. Al-Shabaab walielewa jambo ambalo watunga matamko hawakulielewa: watu wanataka kuona. Wao wakawaonyesha. Walichoonyesha kilikuwa cha kudhalilisha, na huenda kilichanganywa na uongo. Lakini penye kimya, anayesema ndiye anayesikilizwa.

Kwa mtu wa ziwani jambo hili halihitaji nadharia. Wavuvi wa ndagala hutoka jioni na taa zao, hurudi alfajiri. Upepo ukichafuka usiku na boti isionekane asubuhi, anayefika ufukweni haanzi kwa kuuliza walikuwa wangapi. Anauliza: nani alikuwamo? Majina yanatajwa hapohapo, mmoja anamkumbusha mwenzake, hata kibarua aliyepanda siku ileile anatafutwa jina lake na kwao. Idadi hupatikana baadaye, kwa kuyahesabu majina. Katika tamko mpangilio umepinduliwa: idadi ndiyo inayotolewa, na majina hayafuati.

Semuliki: jibu lililopita laana

Ingekuwa rahisi kumaliza hapa kwa kusema kwamba taasisi zote ni hivyo. Si kweli, na mfano ulio karibu nasi uko Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wa Tanzania huko Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa na watu waliodhaniwa kuwa wa ADF. Habari za mwanzo zilitaja Watanzania 14 waliouawa. Baadaye hesabu ikawa 15, majeruhi zaidi ya 40 na mmoja aliyepotea. Katibu Mkuu António Guterres aliliita shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni ya umoja huo, akasema ni uhalifu wa kivita. Tamko lake lilikuwa na viungo vyote nilivyovitaja juu.

Lakini baada ya tamko zilifuata matini nyingine mbili. Ya kwanza ilikuwa tanzia. Miili ilirudishwa Tanzania, ikaagwa kwa heshima za kijeshi Dar es Salaam, na majina yakachapishwa magazetini. Habari ziliwafikia waliopaswa kufikiwa. Ya pili ilikuwa ripoti. Umoja wa Mataifa uliunda timu ya uchunguzi iliyoongozwa na Dmitry Titov, na Machi 2018 muhtasari wa matokeo ukatolewa. Ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea askari hao msaada na kuwaondoa. Ulitaja kasoro za uongozi na udhibiti, pamoja na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Ulitaja pia mapungufu katika mafunzo.

Kimtindo, ripoti ni utanzu mkavu kuliko tamko. Haina *vikali*, haina mhanga. Lakini ina kitu ambacho tamko halina: ina *kwa sababu*. Inasema watu hawa walikufa kwa kuwa jambo fulani halikufanywa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulifanya. Tamko linamjua mkosaji mmoja tu, yaani adui. Ripoti inathubutu kugeuza uso na kuitazama nyumba yenyewe. Mwezi huohuo wa shambulio, ripoti nyingine iliyoongozwa na Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz ilikuwa imekwisha kusema kwamba kofia ya bluu na bendera ya Umoja wa Mataifa havimkingi tena askari vyenyewe. Sentensi hiyo inamsaidia askari aliye hai kuliko laana kumi.

Sisemi Semuliki ilijibiwa kikamilifu. Umma ulipewa muhtasari, si ripoti nzima, na matini hizo hazikuandikwa kwa Kiswahili, lugha ya waliouawa. Ninasema tu kwamba ngazi tatu zilionekana: tamko, tanzia na ripoti. Kwa Dayniile, Leego na El Baraf, msikilizaji wa Rumonge alipata ngazi ya kwanza na vipande vya ya pili.

Pingamizi

Kuna pingamizi tatu zinazostahili jibu. La kwanza ni la usalama: kutangaza hasara ni kumpa adui ushindi, na kuwavunja moyo waliobaki kambini. Nakubali kwamba kamanda hawezi kumwaga kila kitu redioni mapigano yakiendelea. Lakini hoja hii inatetea kuchelewa, haitetei kunyamaza moja kwa moja. El Adde na Leego si siri za kijeshi tena. Na tumeona kwamba kimya hakikumnyima adui ushindi wa maneno. Kilimpa ushindi huo bila mshindani.

La pili ni la familia: jina lisisikike redioni kabla ya nyumbani kuambiwa. Hili ni la haki kabisa, na mila zetu zinalitetea. Habari ya kifo haitupwi mlangoni. Hutumwa watu wazima, wakae, ndipo waseme. Lakini baada ya nyumbani kuambiwa, kuna familia zinazotaka jina la mtoto wao lisomwe. Utaratibu wa kumtaja marehemu kwa ridhaa ya ndugu zake si mgumu kwa taasisi zinazoweza kusafirisha vifaru baharini.

La tatu ni la wanafunzi wenzangu, ambao wamenieleza kwamba tamko si fasihi, hivyo si haki kulipima kwa kipimo cha tanzia. Jibu langu ni kwamba silipimi kwa uzuri. Ninalipima kwa kazi linayodai kufanya. Tamko lenyewe linasema linatoa rambirambi. Kitu kikidai kutoa rambirambi, mhakiki ana haki ya kuuliza kama zimefika.

Hitimisho

Februari 2022 Umoja wa Afrika ulipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Tulishangilia, walimu na wanafunzi, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Miezi mitatu baadaye ikaja El Baraf. Kwa mara ya kwanza Kiswahili kilikuwa ndani ya chumba ambamo matamko hutungwa, nacho kilikabidhiwa maneno yaleyale yaliyotungwa kwa lugha nyingine: kulaani vikali, kupoteza maisha, kutovunjika moyo.

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili leo tutakuwa watafsiri, watangazaji na maofisa wa mawasiliano katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Umoja wa Afrika na katika majeshi yetu. Siku moja mmoja wetu atawekewa tamko mezani saa nne usiku, aambiwe alitoe kwa Kiswahili kabla ya asubuhi. Hataweza kuirudisha roho ya mtu, wala hataweza kubadilisha sera. Lakini ataweza kuandika *wameuawa* mahali pa *wamepoteza maisha*. Ataweza kumwita mlipuaji mlipuaji. Ataweza kuitanguliza familia mbele ya serikali. Na ataweza kumuuliza bosi wake swali moja ambalo kila mtu wa ufukweni angeuliza kabla ya kuuliza idadi: nani alikuwamo?